Samaki Wangu Walikula Kichuguu cha Jirani

Kabla sijaanza kufuga samaki, sikujua kwamba samaki naye anahitaji kitoweo. Nilidhani yeye ndiye kitoweo, basi. Niliuza samaki miaka mingi, nikivuka Ziwa Mweru kutoka upande wetu wa Kongo na mabeseni ya vitenge na sabuni, nikishuka Kashikishi, upande wa pili, nikirudi na magunia ya chisense, vile vidagaa vyembamba vinavyoanikwa mchangani mpaka nguo zako zinanuka kwa wiki. Muda wote huo sikuwahi kujiuliza samaki mwenyewe anakula nini. Kazi yangu ilikuwa kumfikisha kwa anayemla.

Kisha vita vikatuvusha ziwa safari ya kwenda tu. Tulipewa kiwanja na kipande cha shamba katika makao ya wakimbizi, mbali kidogo na ziwa, upande huu wa Nchelenge, na baada ya muda ukaja mradi uliotusaidia kuchimba mabwawa ya perege, bwawa moja kwa kila kikundi cha wanawake. Mimi nilikuwa wa kwanza kujiandikisha, na katika kikundi chetu kulisha ikawa kazi yangu. Nilikuwa na sababu: nilichoka kusimama kwenye foleni na sahani mkononi kama mtoto. Mtu aliyezoea kuuza hapendi kupewa.

Chakula cha samaki tulikitengeneza wenyewe. Pumba za mahindi, unga wa muhogo, na chisense zilizotwangwa, kwa sababu samaki asipopata protini anabaki mdogo, kichwa kikubwa mwili hakuna. Kwa hiyo kila asubuhi nilikaa mbele ya nyumba na kinu, nikitwanga chisense nzuri kabisa, kavu, zenye chumvi, halafu nabeba ndoo kuelekea bwawani. Watoto wa majirani walisimama pembeni wakitazama. Hawakuomba. Mmoja alikuwa akiokota zile zilizoruka nje ya kinu, anapuliza vumbi, anatia mdomoni. Nilijifanya simwoni. Nyumbani kwangu mwenyewe tulikuwa tunakula sombe, yale majani ya muhogo, bila kitu ndani.

Mume wangu alikuwa ananitania, lakini utani wake una miba.

"Mama, ule samaki yako anakula muzuri kupita miye," alisema siku moja, akitazama ndoo. "Miye nakula sombe, yeye anakula chisense. Njo kusema miye niingie ku bwawa?"

"Ingia," nilimwambia. "Utanenepa, tutakuuza."

Tulicheka, lakini nilikuwa na haya. Ni aina ya haya isiyokuzuia kufanya jambo. Unalifanya huku umeinamisha kichwa.

Mwalimu wa mradi alikuwa Mtanzania wa pwani, kijana mpole mwenye viatu vya mpira vilivyomzidi miguu. Kiswahili chake kilikuwa kile cha redioni, na sisi tulikuwa tunamsikiliza kwa kufurahia sauti kwanza, maana baadaye. Alituambia kwamba kabla ya kuja kwetu alifanya kazi baharini, kwenye ufugaji wa majongoo bahari. Wanawake walitaka kujua ni samaki gani huyo. Akasema si samaki, ni kiumbe laini kama tango lililolala chini ya maji, kinakula matope, kinakaushwa na kupelekwa Uchina. Mama mmoja akauliza kama watu wanakula kitu kama hicho kwa hiari yao au wamelazimishwa. Mwalimu alicheka mpaka akakaa.

Kisha akatueleza jambo lililonishika. Alisema hata huko wafugaji walikuwa wanamchanganyia jongoo unga wa samaki ili akue haraka. Wanavua samaki wadogo, wanawasaga, wanamlisha kiumbe anayetosheka na matope. Baadaye watu wakaanza kujiuliza maswali. Wakajaribu soya, wakajaribu mwani, wakajaribu minyoo na wadudu.

"Protini si lazima itoke majini, mama zangu," alisema. "Shika kanuni moja tu. Usimpe samaki kitu ambacho jirani yako angekitia kwenye sahani yake."

Nilihisi kama amekiona kile kinu changu. Nilirudi nyumbani nikakiegemeza ukutani, na tangu siku ile sikutwanga chisense tena kwa ajili ya bwawa. Hilo nalisema wazi kwa sababu ni jambo jema nililofanya, na katika hadithi hii sina mengi.

Tatizo lilikuwa nini cha kuweka badala yake. Soya ilibidi itoke Mansa kwa basi dogo, na kila mara ilipofika tulikuta tunaihitaji sisi wenyewe kwa uji wa watoto. Tukajaribu funza wa nzi. Unaweka matumbo ya samaki na maganda kwenye ndoo, unaacha nzi wafanye kazi yao, siku chache baadaye una funza wanono ambao perege wanawapigania. Lakini nyumba zetu zimebanana. Harufu ilipofika kwa jirani wa kushoto, alikuja na mkono puani na kuniambia kwamba kama ninataka kuwaua wote niseme tu, wajue wapi wazikwe. Ndoo nikaimwaga.

Ndipo nikakumbuka kuku wa mama yangu. Kwetu, mama alikuwa anachukua chungu kikuukuu, anakijaza nyasi kavu na maganda ya muhogo, anakilowesha, anakifunika kifudifudi juu ya njia ya mchwa. Asubuhi chungu kimejaa mchwa, anawakung'utia vifaranga. Mchwa, wale wafanyakazi wasio na mabawa, hakuna mtu anayewala. Nikaona nimeipata kanuni ya mwalimu yote, na bei yake ni bure.

Na kichuguu kilikuwepo. Kilisimama pale mwisho wa shamba letu, kirefu kuliko mume wangu, chekundu, na mti mdogo umeota ubavuni. Shamba lilikuwa limepimwa na kugawanywa, vigingi vimepigwa, na kichuguu kilikuwa ndani ya vigingi vyangu. Kwa hesabu ya mkimbizi, kilicho ndani ya vigingi vyako ni chako. Ni kitu cha kwanza tunachojifunza makaoni: usivuke kigingi cha mwenzako, naye asivuke chako.

Nilisahau kwamba ardhi ile ilikuwa na watu kabla ya vigingi.

Upande wa pili wa njia aliishi mama mmoja mwenyeji, mjane, mtu mzima sana, akilea wajukuu. Sisi tulimwita Bamayo, ndivyo Wabemba wanavyomwita mama kwa heshima. Shamba letu lilikuwa shamba lake. Chifu alipotoa ardhi kwa wakimbizi, sehemu yake ilikatwa, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Msimu wetu wa kwanza, tulipofika mvua zikiwa katikati, alikuja na mzigo wa vijiti vya muhogo kichwani, akatuonyesha pa kuvipanda. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui waliosema hivyo walikuwa wenyeji au wageni.

Kiangazi hicho Bamayo hakuwepo. Alikuwa amekwenda Mofwe, kule kwenye maji ya Mwansabombwe, kwa binti yake aliyejifungua. Wajukuu alikwenda nao. Kwa hiyo hakukuwa na wa kuniuliza wala wa kumwuliza, ingawa nikiwa mkweli sikuwa ninatafuta wa kumwuliza.

Vyungu vilifanya kazi vizuri mno. Perege waliposikia hatua zangu walikuja juu, maji yakachemka. Mwalimu alipowapima alipiga picha, akasema wamekua kuliko wale wa vikundi vingine vyote, akaniuliza ninawapa nini. Nilipomwambia, alinishika mkono kwa mikono miwili. Nilitembea siku nzima nimenyoosha shingo.

Lakini samaki akikua anakula zaidi, na chungu kinatoa kile kinachotoa. Mume wangu ndiye aliyesema tuchukue jembe. Mimi ndiye niliyekubali, tena haraka. Alianza ubavuni, upande unaotazama bwawa, na kila kipande cha udongo kilikuwa na mchwa waliojaa kama mchele kwenye gunia. Tulichimba leo, tukapumzika kesho, tukachimba tena. Tulishuka mpaka kwenye vile vyumba vya ndani vilivyo laini na joto, na mwishowe jembe likafungua chumba cha mama yao. Alikuwa mnene kama kidole gumba changu, mweupe, hawezi hata kutembea, na watoto wake wakikimbia huku na huku juu yake.

Mume wangu alisita. "Huyu tumwache?" aliuliza.

"Tumwache afanye nini?" nilisema. "Weka mu ndoo."

Nilimwona perege mkubwa akimchukua. Nilifurahi. Tukarudisha udongo ndani ya shimo ili mbuzi wasivunjike miguu.

Bamayo alirudi kutoka Mofwe mawingu yakianza kujikusanya. Nilimwona asubuhi akipita njia na jembe dogo begani, akaja moja kwa moja kwenye kichuguu, akaanza kufyeka nyasi kukizunguka. Alifyeka taratibu, akakusanya majani, akafagia chini kwa tawi kama anafagia uwanja wa nyumba. Nilikwenda kumsalimu.

Yeye Kiswahili anakijua cha biashara. Alianika na kuuza chisense Kashikishi kwa Wakongo miaka na miaka, labda hata kwangu. Aliniambia anasafisha mahali pa inswa, ndilo jina lao la kumbikumbi. Mvua ya kwanza ikinyesha watatoka, na kichuguu hiki ni chake tangu alipoolewa. Mume wake alimwonyesha. Shamba lilikwenda, sawa, chifu amesema. Kichuguu hakiendi na shamba. Alisema hivyo bila ubishi, kama mtu anavyokuambia mtoni pa kuchotea maji ni huku.

Tena nilikuwa ninajua. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kwetu ng'ambo ni hivyo hivyo: kichuguu kina mwenyewe, hata kikiwa katikati ya shamba la mtu mwingine, na mtu anayevuna kumbikumbi kwenye kichuguu kisicho chake anaitwa mwizi na mama yake anaambiwa. Nililijua tangu utoto. Ila nilivyovuka ziwa niliacha vitu vingi, na nadhani nilijipa ruhusa ya kuamini kwamba huku sheria ni vigingi tu.

Bamayo alizunguka upande wa bwawa, akaona udongo uliofukiwa. Akainama, akaugusa.

"Muhanga amechimba hapa," alisema.

Muhanga ni mnyama anayekula mchwa, anachimba usiku kwa makucha. Masikini, katika msitu ule uliobaki vijiti sidhani kama yupo hata mmoja.

"Eeh," nilisema. "Labda ni muhanga."

"Muhanga hamalizi. Anakula kidogo, anaenda." Akasimama, akapangusa mikono. "Watatoka tu."

Ni lazima nieleze kumbikumbi wale walikuwa nini kwake, maana msomaji anaweza kudhani ni kitafunwa cha watoto. Mvua zikianza, serikali inafunga ziwa ili samaki wazaane. Hakuna kuvua, mitumbwi inapandishwa mchanga, na chisense zilizobaki Kashikishi zinakuwa za wenye uwezo. Ni miezi hiyo hiyo ambayo ghala ni tupu na mahindi mashambani bado majani. Mama kama yeye, mwenye wajukuu na asiye na mume wala mtumbwi, anakula ugali kwa kile alichokausha. Na alichokausha ni kumbikumbi wa kichuguu kile. Anawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, anatia chumvi, anaanika, anajaza chungu, na chungu hicho kinamfikisha hadi ziwa linapofunguliwa.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, ikakatika jioni. Hewa ikawa na ile harufu ya udongo ambayo hata mwizi anaipenda. Kila upande vichuguu vilianza kutoa mabawa, kwanza wachache, halafu kama moshi. Watu walikimbia na mabeseni, watoto wakipiga vigelegele, kuku wakichanganyikiwa. Bamayo alikuja na mkeka, chungu na taa yake ndogo. Alijenga kijumba cha majani juu ya matundu aliyoyasafisha, akaacha kimlango, akaweka chungu chini ya kimlango, akaketi.

Mimi nilikuwa mlangoni kwangu. Kutoka pale ningeweza kumwita bila kupandisha sauti. Nilimwona akisogeza taa. Nilimwona akitia mkono ndani ya kijumba, akitoa, akiutazama. Manyunyu yakarudi, akajifunika kitenge kichwani, akaendelea kuketi. Wajukuu walikuja mmoja mmoja kuuliza, akawarudisha nyumbani. Mume wangu alisema, "Kaende umwambie." Nikamwambia aende yeye, ndiye aliyeshika jembe. Akasema mimi ndiye niliyesema ndoo. Tukabaki tumesimama pale tukigombana kwa kunong'ona, watu wazima wawili, na yule mama ameketi kwenye manyunyu mbele ya nyumba ya mchwa tuliyoizika sisi wenyewe.

Hakuna kumbikumbi hata mmoja aliyetoka. Aliondoka taa ilipokwisha mafuta.

Asubuhi nilikwenda kwake. Nilipiga magoti uwanjani, kama inavyotakiwa kwa mkubwa, nikamwambia hakukuwa na muhanga. Nilimwambia yote, vyungu na jembe, na samaki. Alikuwa anachambua maharagwe na hakuacha kuchambua.

"Na mama yao?" aliuliza. "Mulimutoa?"

"Tulimutoa, Bamayo."

Vidole vikasimama. Akasema, "Basi," akaendelea na kazi yake. Nilingoja matusi. Matusi yangenisaidia. Mtu akikutukana unapata pa kushika, unaweza hata kukasirika kidogo na kujihisi nawe una haki. Yeye aliniuliza kama watoto wangu wamepona kikohozi.

Nilianza kumpelekea samaki. Kila tulipotoa perege bwawani nilichagua wakubwa wawili watatu, nikawafunga kwenye jani la mgomba, nikampelekea. Alipokea kwa mikono miwili na kushukuru kila mara kwa ukamilifu, kama ni mara ya kwanza. Akawa anawaambia watu njiani kwamba yule Mukongo ni mtoto wake, anamlisha miezi hii ya shida. Watu wakanisifu. Mama mmoja wa kanisani alisimama akanitaja katika maombi kama mfano wa upendo kati ya wakimbizi na wenyeji. Niliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Samaki wawili watatu si chungu cha kumbikumbi. Bwawa ni dogo na kikundi ni cha wanawake wengi, sikuwa na haki ya kuchota nipendavyo. Ile miezi nilikuwa naona wajukuu wake wakirudi kutoka msituni na uyoga na majani, na mara nyingine bila kitu. Walikuwa wananiamkia vizuri. Nilitamani wasiniamkie.

Halafu mwalimu akaleta wageni. Walikuja kwa gari kutoka mjini Nchelenge, wakubwa wa mradi, na maneno yalikuwa yamezagaa kwamba wakiridhika kikundi chetu kitapata bwawa la pili. Wanawake walivaa vitenge vya sare. Mimi nilipangwa kueleza chakula cha samaki, nikaeleza vyungu vyote, jembe nikaligusa kwa neno moja. Wageni walipiga makofi. Mmoja wao aliona Bamayo amesimama njiani na wajukuu, akasema ni vizuri kumsikia mwenyeji pia, anauonaje mradi huu.

Waliniomba nitafsiri, maana Kibemba nilikiokota katika biashara. Mwalimu Kibemba hakijui, na Bamayo kwa jambo zito hatumii Kiswahili chake cha sokoni, anatumia lugha yake. Alisogea, akasalimu kwa kupiga makofi polepole, akasema kwa sauti tulivu. Alisema samaki ni wazuri na amewala, na wageni hawa ni watu wema. Alisema kile kichuguu kililisha nyumba yake tangu enzi ya marehemu mume wake na sasa kimekufa. Alisema, "Mwambie mwalimu asiwafundishe wengine kutumia jembe, kwa sababu kila kichuguu anachokiona hapa kina mtu."

Nyuso zote zikanigeukia. Wanawake wa kikundi changu walikuwa wananiangalia, sare zao mpya zinang'aa, na mimi nikaliona bwawa la pili mbele ya macho yangu, hata maji yake.

"Anasema samaki ni wazuri na amewala," nilitafsiri. "Anawashukuru sana."

Wakapiga makofi tena. Bamayo alinitazama. Kiswahili cha sokoni kinatosha kabisa kujua kwamba maneno yako mengi yamegeuzwa machache. Alikuwa anaweza kusema pale pale, mbele ya wote, na ningekuwa nimekwisha. Badala yake alipiga tena yale makofi yake ya heshima, akawashika wajukuu mkono, akaenda. Kumwaibisha mtu mbele ya wageni wake, huku hakufanyiki. Mimi nilikuwa nimetegemea hilo, na nilikuwa nimetegemea bila hata kufikiri, jinsi mtu anavyotegemea ukuta.

Bwawa la pili tulilipata.

Mwalimu alifundisha kila kikundi kuhusu mchwa wangu. Aliwaambia watumie vyungu, lakini watu hawana subira na vyungu, kama mimi nisivyokuwa nayo, na kiangazi kilichofuata nilianza kusikia majembe. Asubuhi unalala kitandani, unasikia lile pigo zito la udongo mkavu, mara huku, mara kule. Kila pigo nilijua ni kichuguu cha nani. Siku moja nilivumilia mpaka saa ya chai, kisha nikavaa viatu nikaenda kumtafuta mwalimu, nikamweleza maneno ya Bamayo neno kwa neno, nikimtafsiria sasa kile ambacho nilipaswa kumtafsiria siku ile. Alivua kofia yake. Hakunifokea. Alisema tu, "Mama, kwa nini hukuniambia?"

Alizunguka kote akiwakataza. Tukaanza upya na funza, safari hii mbali na nyumba, kwenye mapipa yenye mfuniko, na ndio tunaoendelea nao mpaka leo. Perege wanawapenda. Lakini vichuguu vilivyofunguliwa hadi ndani havikusimama tena. Mvua ya kwanza ya msimu ule, moshi wa mabawa ulipanda mbali, kando ya makao, na watoto wetu walikimbia muda mrefu na mabeseni kabla ya kufika.

Baada ya siku kadhaa Bamayo alikuja nyumbani. Alikuwa ametoka Mofwe kwa ndugu wa marehemu mume wake. Wana kichuguu huko, na walimgawia. Alikuja na bakuli la bati limefunikwa kwa kitambaa, akaketi kwenye kigoda changu, akaliweka mapajani mwangu. Lilikuwa limejaa kumbikumbi waliokaangwa, wekundu, wanang'aa kwa mafuta.

Nilimwuliza amebaki na nini kwa ajili ya watoto. Alisema watoto watakula.

"Kwetu, bakuli ya kwanza haibaki mu nyumba," alisema. "Inaenda kwa jirani mwenye hana kichuguu. Mama mukwe alinifundisha vile." Akanisogezea chumvi. "Wewe hauna kichuguu, mwana wandi. Kula."

Ningekataa, ingekuwa tusi. Nilikula mbele yake, kiganja baada ya kiganja, naye akanitazama mpaka nikamaliza. Na nilikuwa nikitafuna huku nikifanya hesabu ambayo sikuweza kuizuia: kwamba kama ningekiacha kichuguu kile kisimame, bakuli lake la kwanza, mwaka ule wa jembe, lingekuwa langu.